Mashine Ambazo Ruphin Hakuzitaja

Jumamosi katika soko la Njanja, mjini Lubumbashi, watu husukumana mpaka mtu anapotezana na mwenziwe aliyekuja naye. Rachida alijipenyeza hadi kwa muuza vifaa vya play, mashine za michezo ya video. Katika chumba chake cha michezo huko mtaa wa Bel-Air, wateja walikuwa wamevunja tena maneti, vile vishikio vya kuchezea, na bila maneti hakuna anayecheza. Alipoishika ya mwisho mezani, mkono wa mwanaume ulikuwa umeishika upande wa pili.

"Mama, mi njo niliiona wa kwanza."

"Mama wa nani? Weye uliiona na macho. Mi niko naishika na mukono."

Mwanaume akacheka, akaiachia. Alivaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa kana kwamba mtaa mzima wa Kampemba hauna vumbi. Macho yake yalitua kwenye kitambaa cha njano alichojifunga Rachida kichwani, yakakawia hapo.

Jina lake lilikuwa Ruphin. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya kutoa michezo ya video, na wa kwanza ulikaribia kwisha: mashindano ya magari ndani ya Lubumbashi yenyewe.

"Itatoka kwa play gani?" Rachida akauliza. "Za kwangu ni za zamani."

"Kwa zote, chérie. Hata izo za zamani za kwako."

Basi akawa anakuja Bel-Air kila wiki. Alileta mchezo kwenye kompyuta yake, wateja wakaujaribu na kupiga kelele, naye akawatazama wanakosea wapi. Kisha alikaa na Rachida mlangoni, wakala karanga na kutaniana. Rachida akampenda. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba mchezo wa Lubumbashi unakuja hapa.

Lakini simu ilipolia, Ruphin alitoka nje. Siku moja Rachida aliliona jina kwenye kioo cha simu: Christiane.

"Ni wa kazi," Ruphin akasema, bila kuulizwa.

Alima, binamu wa Rachida, hakuwa na subira. "Muntu wa kazi, anamukimbilia kwa jua? Fungua macho. Iko na bibi, ao alitafuta tu chumba cha bule cha kujaribia muchezo yake."

Tangu hapo Rachida aliisikiliza hata pumzi ya Ruphin. Akiuliza mchezo unatoka lini, Ruphin alimsifu nguo. Kisha tangazo likatokea kwenye simu za wateja: magari, barabara za kwao, na mwishoni orodha ya mashine za kuuchezea: mpya mpya tu, ambazo Bel-Air hawakuwa nazo.

"Dada Rachida, na sisi?" wakamuuliza.

Alimpigia Ruphin. Hakupokea. Akavaa kitenge chake kizuri, akaenda mtaa wa Golf, kwenye ofisi ya kina Ruphin. Mlango ulikuwa wazi. Ruphin alikuwa peke yake na simu mezani, sauti ya mwanamke ikitoka kwa nguvu.

"Ulimuambia ule dada wa Bel-Air?"

"Bado."

"Ruphin! Tangu Pasaka minakuambia: benye kutengeneza ile mashine ya zamani habapokee tena michezo mipya. Bila ruhusa yao hatuwezi kuuza. Muambie!"

"Aniambie sasa," Rachida akasema kutoka mlangoni. "Na weye ni nani?"

"Christiane. Niko Johannesburg, minatafutiaka michezo yetu ruhusa. Niko na bwana, dada. Huyu wako, hata kazini ananichokesha."

Ruphin akakata simu.

"Tangu Pasaka," Rachida akasema. "Nikiandika kwa ukuta, weye unaniangalia tu."

"Niliogopa. Nilisema moyoni, ukijua, utaona sina tena sababu ya kuja."

"Karanga zote zile, ulifikiri tunakulaka juu ya muchezo?"

Akaondoka, machozi yakimchoma.

Kesho yake mchana Ruphin alisimama katikati ya chumba kilichojaa, akawaambia wateja ukweli. Wakamzomea. Mmoja akamwita mwizi. Hakujitetea, alingoja kelele ziishe, akaomba msamaha, kisha akamgeukia Rachida aliyeegemea ukuta.

"Minataka kukuoa."

Rachida akamtazama usoni, akitafuta kitu kilichofichwa. Mashaka hayakumtoka yote siku ile; lakini alimwona amesimama pale, katikati ya watu waliomkasirikia, hakukimbia.

"Kuja kwetu dimanche, ukitoka kanisa," akasema. "Papa yangu Zakari atakuuliza utanioa kwa dini gani, weye wa kanisa, sisi ba musikiti. Utamuambia nini?"

"Sijue bado," Ruphin akasema.

"Iyo njo kweli." Kwa mara ya kwanza tangu jana Rachida akatabasamu. "Utaanza na iyo."