Nyumba ya Mwisho Mbele ya Jukwaa la Mtoni

"Ña Eligia, mume wako ameshasaini. Alikuja mwenyewe Alhamisi."

Mwenzenu nikacheka. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ofisi ya mradi, mkoba mapajani, nikadhani huyu binti ananitania.

Mume wangu? Crispín? Yule niliyemngoja miaka tisa...?

Noelia hakucheka. Ni msanifu wa ule uwanja wa muziki kando ya mto, binti mpole anayeniita Ña, yaani Bi, na uongo haujui. Akanisogezea karatasi. Sikuisoma, macho yalienda chini kabisa. Ile C yenye mkia kama ndoana ya kambare niliitambua hata kabla sijavaa miwani.

Mume wangu alikuwa amekuja hapa kwetu Asunción, ameuza kila nilichokuwa nakilinda, na ameondoka bila kunigongea mlango!

Subirini, bado. Chini ya sahihi yake palikuwa na jina la shahidi.

Deolinda Cáceres.

Huyo ni komadre wangu, jamani. Alimshika binti yangu Mirna siku ya ubatizo. Tumekunywa naye terere, chai yetu ya baridi, kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, kikombe kimoja, mrija mmoja.

Nikasimama. Noelia akaniita, "Ña Eligia, kaa kwanza, sijakueleza hiyo karatasi ni ya..." Sikukaa wala sikumsikiliza, mlango nikaubamiza nyuma yangu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe kabla hamjanihukumu.

Crispín aliondoka kwenda Buenos Aires kujenga maghorofa, kama wanaume wengi wa kwetu bondeni. Alisema miezi miwili. Kabla ya kuondoka aliupaka mlango rangi ya kijani, akaniambia, "Usihame. Nikirudi nikukute hapa hapa."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimekufa nimeoza kwa yule mwanaume, ningesema nini kingine?

Miaka mitatu alipiga simu, halafu kimya. Mirna akaenda Hispania kuhudumia wazee wa watu, nikabaki mimi na mlango wangu wa kijani.

Mto ulipofurika tulihamia juu na magodoro yetu, tukalala kwenye mahema ya turubai uwanja wa kanisa. Maji yakipungua, mimi nilikuwa wa kwanza kushuka. Nilikwangua matope, nikachora mstari ukutani jikoni maji yalipofika, nikafuta mlango. Sikutaka aje siku moja asiutambue.

Ndipo mradi ukaja. Walitaka kujenga jukwaa kubwa la wazi ukingoni mwa mto, na mbele yake mteremko wa nyasi wa kukaa watu elfu nane. Familia arobaini zitapewa nyumba za matofali juu kwenye mwinuko. Majirani walisaini wote, Deolinda akiwemo. Mimi nikagoma.

Noelia alikuja mara nyingi. Hakunitisha hata siku moja. Alipoona ile mistari ya mafuriko jikoni alitoa tepu, akapima. Akaniambia mahesabu ya ofisini yaliliweka jukwaa chini ya mstari wangu wa juu kabisa. Wakaliinua. Ukuta wangu ndio ulioliokoa lile jukwaa, na bado nyumba yenyewe ilitakiwa kuondoka.

Wakajenga huku mimi nikiwa ndani. Kila wiki nyumba moja ilivunjwa, mpaka nikabaki peke yangu katikati ya vumbi kama jino moja kwenye ufizi.

Mnajua upweke? Siku moja fundi wa spika alikuwa anajaribu sauti jukwaani. "Moja, mbili... mnanisikia huko nyuma?" Nikajibu jikoni kwangu, "Nakusikia, baba." Siku hiyo sikuongea na mtu mwingine yeyote.

Isipokuwa Deolinda. Alihamia juu, lakini kila asubuhi alishuka kwa basi na birika la maji ya barafu na majani yake. Alikuwa anakaa mlangoni, ananimiminia, tunasengenya dunia nzima.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwetu anayemimina ni mmoja. Anakujazia kile kikombe cha pembe, unafyonza, unamrudishia kimya, anajaza tena kwa anayefuata. Ukisema "asante" maana yake umetosheka, usiongezwe. Deolinda nilikuwa namtania kwamba hajui hilo neno, maana vikombe kumi kwake ni vya kufungulia mdomo tu.

Kabla ya Alhamisi ile hakushuka siku tatu, alituma neno kwamba ni magoti. Alhamisi yenyewe alichelewa. Siku hiyo nilimmiminia mimi, akanywa kimoja.

"Asante," akasema.

Nikamuuliza tumbo vipi. Akasema joto tu, akaondoka bila kuniangalia.

Kumbe wakati ule mume wangu alikuwa mezani kwake!

Basi nilipotoka ofisi ya mradi nilipanda basi mpaka juu. Njia nzima nilikuwa narudia kimoyomoyo, kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkuta barazani kwake, birika miguuni, jua la utosi. Aliponiona alijua.

"Alikuja?" nikamuuliza.

"Alikuja."

"Alikula?"

"Eligia..."

"Nimekuuliza alikula?"

"Supu ya kuku yenye vidonge vya mahindi. Sahani mbili."

Msinicheke. Ile supu ndiyo iliyoniua. Miaka tisa nilikuwa nahifadhi unga wa mahindi kwa ajili ya ile supu.

"Ana mtu huko?"

Akatikisa kichwa kukubali. Ana mke na watoto wawili. Mpwa wake Deolinda alifanya naye kazi jengo moja, akamwona.

"Umejua lini?"

"Miaka sita."

Miaka sita, jamani! Miaka sita ananiangalia nafuta ule mlango, ananimiminia, anacheka na mimi, na anajua!

"Aliniulizia?"

"Aliuliza kama mlango bado ni wa kijani. Nikamwambia nenda kaone mwenyewe. Akasema hawezi."

Nilikaa. Deolinda akajaza kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, shoga yangu, nikueleze ile karatasi. Sikuweza kukwambia kabla..."

Nikanywa chote kwa pumzi moja, nikamrudishia.

"Asante," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani. Alielewa kuwa sizungumzii terere. Ukishasema hilo neno hakuna anayekumiminia tena, na Deolinda ni mtu wa adabu za kale, hakufungua mdomo. Nikaondoka.

Kesho yake nilirudi kwa Noelia. Nikamwambia alete vya kusaini nisaini, nyumba yoyote, mradi iwe mbali na ya Deolinda Cáceres. Alitaka kunisomea. Nikamwambia mwanangu, nimeshasomewa vya kutosha.

Waliivunja nyumba Jumanne. Mlango wa kijani ulianguka kifudifudi kwenye vumbi. Nilisimama mpaka mwisho, halafu nikapanda basi na viti vyangu viwili.

Nyumba mpya ilikuwa nzuri, sina la kusema. Ina bomba ndani, dari haivuji, na mto hauwezi kunifikia. Na hakuna mtu mwingine aliyenifikia pia.

Asubuhi nilitoa viti vyote viwili nje. Kimoja sikujua nakitoa kwa ajili ya nani. Nilijimiminia mwenyewe, nikajipa, nikajirudishia. Mirna alipiga kila Jumapili kuuliza habari ya mama yake wa ubatizo, nikamwambia hajambo, mzima, anakusalimia. Nilimdanganya binti yangu miezi saba.

Deolinda alikuwa safu ya tatu chini yangu. Nilimwona mara moja kwenye genge la mboga. Alinyanyua mkono nusu. Nikageuka nikajifanya nachagua vitunguu, na mwenzenu vitunguu nilikuwa nimeshavinunua.

Sasa ikafika siku ya kufungua uwanja, Jumapili alasiri, jua la Desemba linachoma visigino. Tuliitwa wote wa bondeni, kwamba tutakabidhiwa hati za nyumba jukwaani kabla muziki haujaanza. Sikutaka kwenda. Nikaenda kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

Nilitafuta ilipokuwa nyumba yangu. Nilihesabu hatua kutoka ule mti wa lapacho waliouacha. Jikoni kwangu pamekuwa nyasi. Mlangoni pamesimama mnara wa spika, na watoto wa watu wanabiringika mteremko mzima wakicheka. Hapo ndipo nilipomngoja mwanaume miaka tisa!

Wakaanza kuita majina. Mume na mke, mume na mke, wanapanda wawili wawili wanapigiwa makofi. Nikasema moyoni, Mungu wangu, watanisomea jina la Crispín mbele ya mji mzima.

"Eligia Ortigoza. Mmiliki pekee."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikapanda. Noelia ndiye aliyekuwa anagawa, nikamnong'oneza kwamba wamekosea, ya bondeni iliandikwa kwa jina la mume wangu, na mume wangu ndiye aliyeiuza.

"Aliuza nini, Ña Eligia?" akaniuliza taratibu. "Hakuuza kitu. Alikuachia wewe haki yake yote. Ndiyo karatasi ile niliyokuonyesha... Hukuisoma?"

Nikatikisa kichwa kukataa, mbele ya watu elfu nane.

Akanieleza haraka haraka, kipaza sauti kakishusha. Jina la Crispín lilikuwa kwenye kadi ya makazi, kwa hiyo nyumba mpya ingekuwa yake. Angeweza kuja kesho na mke wake, akanitoa nje. Deolinda alikwenda ofisini mwenyewe kuuliza kama kuna njia. Akaambiwa njia ni moja tu, mwenye jina asaini kwa hiari yake, mbele ya afisa.

"Akamfuata Buenos Aires," Noelia akasema. "Basi, zaidi ya saa ishirini kwenda. Yeye ambaye magoti hayamkubali hata ngazi zetu za ofisi. Sijui alimwambia nini, ila alirudi naye. Hukujua?"

Sikujua. Alitaka kunieleza, na mimi nikamwambia asante.

Nilishuka jukwaani na hati mkononi, watu wanapiga makofi, simwoni hata mmoja. Niliangalia juu kwenye mteremko. Na mwisho kabisa wa nyasi, walipo wachache, amekaa mwanamke mnene amevaa kofia ya majani, birika miguuni.

Peke yake... Anajimiminia, anajipa, anajirudishia.

Nikapanda ule mteremko. Nilipita jikoni kwangu, nikapita mlangoni kwangu, sikusimama. Nilipofika nilikuwa nahema kama ng'ombe.

"Ulimwambia nini mpaka akakubali?" nikamuuliza.

Deolinda hakunyanyua uso. "Nilimwambia akisaini sitamleta kwako uone alivyozeeka."

Tukacheka. Halafu mimi nikalia, nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, na jukwaani kule walikuwa wanaanza kupatanisha nyuzi za kinubi.

"Miaka sita, Deolinda. Kwa nini hukuniambia?"

"Kila asubuhi nilishuka na hilo neno," akasema. "Nikikuta umeshafuta mlango, linarudi. Nisamehe. Hapo nilikukosea kweli."

Na hapo alinikosea kweli, sitamtetea. Ila na mimi nilimkosea mara ngapi?

Ndugu zangu mnaosoma, karatasi isomeni mpaka chini, hata kama sahihi imewachoma macho. Na mtu akikwambia "kaa nikueleze", kaa, hata kama una hasira za kubomoa nyumba. Mimi nililinda mlango miaka tisa kwa ajili ya mtu asiyekuja, na aliyekuja kila siku kwa basi nikamwita kikulacho.

Deolinda akamwaga majani yaliyochuja, akaweka mapya. Maji ya kwanza kwetu ni ya Mtakatifu Tomás. Unamimina, unangoja majani yanywe yote, ndipo binadamu aanze. Tukangoja, magoti yetu yanagusana.

Akanijazia. Nikafyonza mpaka mrija ukalia, nikamrudishia.

Akashika kikombe, akaniangalia usoni, anangoja kusikia kama nitasema neno.

Sikusema asante.

Akajaza tena.