Skrini Iliyomtii Bosi

Yalimkuta shoga yangu mshona nguo, na mwenyewe si mtu wa kutia chumvi. Marehemu mumewe alikuwa amefunga kamera getini na skrini ya kuitazamia jikoni. Skrini hiyo ilitii sauti yake tu, na yeye ndiye iliyemwita Bosi. Alipofariki, shoga alikataa kuingiza sauti yake mwenyewe, maana ingembidi afute ile ya mumewe.

Jioni moja mvua ilitia giza, geti likalia kwiii. Alikuwa anaosha vyombo, kwa mazoea akaita, "Baba watoto, hebu tuangalizie ni nani huyo!"

Akakumbuka. Akainama, machozi yakadondokea povuni.

Kisha nyuma yake skrini ikawaka, ikajibu kwa upole: "Sawa, Bosi. Nakuonyesha geti."