Besi ya Nyuzi Nane

Kidole aligusa uzi mnene wa besi yake mpya, gitaa la sauti nzito, ukanguruma vizuri. Juu ya mngurumo ule ikafuata sauti nyembamba, kama vile uzi mwembamba wa pembeni nao umeguswa. Uzi huo haukuwepo. Besi ilitengenezewa nafasi ya nyuzi nane, lakini alikuwa amepata nne tu.

"Spika hii mbovu," akajisemea. Spika ilikuwa haijawashwa.

Walimwita Kidole kwa utani tangu mashine ya kiwandani ilipomla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Besi za kawaida, zenye shingo ndefu, zilimshinda. Kisha mpiga gitaa mmoja akaihama bendi yao, na kiongozi akatoa neno: anataka besi ya nyuzi nane, kila uzi mnene na mwenzake mwembamba, ili mtu mmoja asikike kama wawili. "Jumamosi uje nayo. La sivyo, nafasi yako kuna anayeitaka." Besi kama hiyo, yenye shingo fupi na bei ya maskini? Muuza duka alicheka hadi akakohoa.

Mfamaji haachi kutapatapa. Kidole akaamua kuiunda mwenyewe. Nyuzi nane huvuta kwa nguvu, na ubao mbichi ungepinda, kwa hiyo alihitaji uliokauka miaka na miaka. Akaupata nyuma ya soko, kwenye nyumba iliyohamwa zamani: aling'oa mwimo wa mlango, akauchonga kuwa shingo ya besi.

Sasa besi ilikuwa inaimba kwa sauti mbili, naye njaa ikamshauri asiulize. Alifanya mazoezi kutwa. Binti yake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikaa miguuni pake akisimulia habari za paka wa jirani. Ghafla sauti ikamkatika katikati ya neno.

"Enhe, paka akafanyaje?"

Mtoto akatikisa kichwa tu.

Kesho yake alisema maneno machache, tena kwa kunong'ona. Keshokutwa alifungua kinywa ikatoka pumzi, yenye harufu ya vumbi lililolowa, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Kidole akagusa uzi mnene. Ile sauti nyembamba ikapanda, na safari hii ilikuwa na maneno.

"Baba, nina kiu."

Sufuria ilimponyoka mkewe.

"Baba Chiriku," alinong'ona, "huyo ni mwanangu."

"Naiweka chini. Siigusi tena."

"Hapana!" Akamshika mkono wenye vidole vitatu. "Piga tena kidogo. Nimsikie."

Akapiga. Wakalia wote wawili, na mtoto akazidi kulegea.

Mganga waliyemkimbilia alikuwa mwanamke mkali, asiye na maneno mengi. Alinusa ile shingo ya besi, akaisukuma mbali.

"Ulipiga hodi kabla ya kung'oa?"

"Nyumba ilikuwa tupu, mama."

"Nani alikwambia ni tupu? Umevunja mlango wa watu, nao wameingia kwako bila hodi, vilevile." Akatazama nje. "Irudishe kabla jua halijazama. Nenda na mtoto, sauti imtambue mwenyewe. Iweke mlangoni, omba radhi, ondoka. Utaitwa. Usigeuke, hata akuite nani."

Kidole aliusahau mshahara, akaisahau na Jumamosi. Alichotaka ni kusikia tena habari za paka. Alifika kwenye nyumba ile jua likiwa limeinama, akapiga hodi kwa sauti iliyopasuka, akailaza besi penye pengo la mwimo, akaomba radhi mara nyingi kuliko alivyowahi kumwomba binadamu yeyote, na alipombeba Chiriku, ambaye miguu ilikuwa imemlegea, na kuanza kuondoka, nyuzi zikanguruma zenyewe nyuma yake, na juu ya mngurumo ikapanda sauti ya binti yake ikimlilia, "Baba, unaniacha? Baba, kuna giza huku," naye akauma midomo hadi ikatoka damu, machozi yakimziba macho, lakini shingo akaikaza, akaenda, hakugeuka.

Hakugeuka hata kidogo. Ila alimbeba mtoto kama baba yeyote anavyombeba mtoto mchovu: kifua kwa kifua, kidevu juu ya bega lake, uso ukitazama nyuma.

Akahisi mkono mdogo ukiachia shingo yake, ukiinuka, ukipunga.

"Nakuja," Chiriku akasema, pale pale sikioni mwake. Sauti ilikuwa yake kabisa, nyembamba na tamu, na chini yake ilinguruma nyingine, nene.