Alikuja Msibani na Karatasi ya Msamaha

"Weka chini huo udi! Nimesema weka chini!"

Ukumbi mzima wa msiba ukanigeukia. Waliokuwa wanakunywa supu wakabaki na vijiko hewani.

Mbele ya picha ya baba yangu alisimama Bosi Pyo. Suti nyeusi, tai nyeusi, kijiti cha udi mkononi, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Jamani, mimi si mtu wa kupayuka, wanaonijua wanajua. Lakini huyu mwanamume alimfanyisha baba yangu kazi miezi na miezi bila kumlipa. Huyu ndiye aliyezima simu baba alipolazwa. Leo baba kafa ndio anaijua njia?

Baba mdogo akanivuta mkono.

"Dahee! Mfiwa hamfukuzi mtu msibani. Unataka watuseme?"

"Baba mdogo, huyu ndiye kamuua!"

"Inama, mwanangu. Tafadhali... inama."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akishamwinamia marehemu, mfiwa naye lazima amwinamie mgeni. Awe rafiki, awe adui. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mfiwa mkuu nilikuwa mimi.

Nikainama. Paji la uso likagusa sakafu.

Nililia palepale chini. Sijui nilikuwa namlilia baba au nalilia aibu yangu. Nadhani vyote viwili.

Ngoja niwape habari yenyewe, msije mkaniona sina adabu.

Baba yangu, Eom Jongtae, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli hapa kisiwani kwetu Geoje. Pyo, jina lake Gwangho, alikuja akiwa kijana, hajui hata kuvaa barakoa ya kuchomelea. Baba akamfundisha kazi, akamlisha, akamlaza kwetu. Mimi nimekua namwita anko.

Mambo yakamnyookea. Akafungua kikampuni cha kuchukua tenda kiwandani, na baba akawa mfanyakazi wake. Wengine wangeona vibaya. Baba wala! Alikuwa anatamba nalo mtaani.

"Mnamwona yule? Yule nimemlea mimi!"

Kisha mishahara ikaanza kukatika.

"Kaka, nivumilie. Kiwanda bado hakijanilipa."

"Usijali, Gwangho. Ukipata utanipa."

Kumbe kiwanda kilishalipa zamani! Pesa za watu zilikuwa zimegeuka mgahawa wa kahawa wa mkewe, ule wa ufukweni wenye vioo kuanzia chini mpaka juu. Sisi tunaupita kila siku tukienda sokoni, hatujui kwamba tunapita mbele ya jasho la baba.

Wakati huohuo baba alikuwa anashika ubavu wake wa kulia. Anaushika, anaachia, anatabasamu.

"Baba, twende hospitali."

"Nikilipwa nitaenda."

"Baba, mimi nitalipia!"

"Hela yako ni ya kodi yako, Dahee. Nikilipwa, nimesema."

Tulipompeleka kwa nguvu, daktari aliangalia picha za ini, akavua miwani. Hakuwa na haja ya kutuambia kwamba tumechelewa.

Wenzake baba ndio waliokwenda ofisi ya kazi kushtaki. Wakaandikisha na jina lake. Mkaguzi, Bi Tak, mama mmoja asiyecheka ovyo, akatufafanulia vizuri: kutolipa wafanyakazi hapa kwetu si deni tu, ni jinai. Mwajiri anaweza kwenda jela mpaka miaka mitatu, au apigwe faini nzito.

Ila kuna upenyo.

Mfanyakazi mwenyewe akiandika kwamba hataki bosi wake aadhibiwe, kesi ya jinai inaishia hapo. Na akishaandika, harudi nyuma. Hata asipolipwa!

Pyo aliujua huo upenyo kuliko mtu yeyote. Mwaka mpya ulipokaribia akazunguka nyumba kwa nyumba na maboksi ya zawadi, zile nyama za kopo na mafuta ya kupikia. Huyu akampa nusu, huyu robo, huyu ahadi tupu. "Tusiingie mwaka mpya na kinyongo, ndugu yangu." Wakasaini wote. Mtu ana watoto, afanyeje?

Akabaki baba peke yake.

Baba alilazwa wiki tatu, Pyo hakuja hospitali hata siku moja. Alimtuma karani wake na ile karatasi. Baba akaisoma taratibu, akaikunja, akamrudishia.

"Mwambie sisaini."

Nilishangilia, wallahi. "Safi sana, baba! Aozee jela huko!"

Baba akafumba macho, nikajua kachoka.

Wiki iliyofuata alifariki.

Sasa turudi msibani.

Pyo aliomboleza vizuri, akaweka bahasha nene ya rambirambi, akaenda kukaa meza moja na mama na baba mdogo. Akaletewa supu nyekundu ya nyama. Akala! Mimi nilikuwa mlangoni napokea wageni, nainama na kuinuka mpaka magoti yanawaka moto.

Nilipogeuka, nikaona ametoa karatasi mfukoni. Pembeni ya bakuli la supu kaweka kikopo cha wino mwekundu wa kuwekea dole gumba.

Nilikimbia na zile nguo za msiba, nikajikwaa, nikainuka.

"Shemeji," alikuwa anamwambia mama kwa sauti ya upole, "kesho asubuhi kabla jeneza halijatoka, mshahara wote wa kaka utakuwa kwenye akaunti. Wote! Nikifungwa mimi, nani atawalipa? Hebu fikiria."

"Na gharama za ukumbi huu?" baba mdogo akauliza.

"Juu yangu."

"Mama, usiguse hiyo karatasi!"

Nilichelewa.

Mama alinyanyua dole gumba, jekundu, akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mwanangu... tumzike baba yako kwa amani. Nimechoka kudai."

Pyo akaipuliza karatasi ikauke, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Machozi yalishakauka!

Asubuhi mama aliangalia akaunti. Hakuna kitu.

Akaangalia tena gari la maiti lilipofika. Hakuna.

Simu ya Pyo... imezimwa.

Ukumbi tuliulipa kwa bahasha za rambirambi, pungufu baba mdogo akakopa. Baba yangu alitoka kwenda kuchomwa moto, ndivyo tunavyozika siku hizi, huku sisi tukibembelezana na mhasibu wa ukumbi dirishani. Hiyo siku sitaisahau, na sitaki kuisahau.

Baada ya msiba Bi Tak alituita wote ofisini. Pyo alifika ananukia marashi, kapakata mkoba, kaketi miguu ikiwa imeachana.

"Afisa, hili limekwisha. Familia imenisamehe." Akaisukuma karatasi mezani. "Dole gumba la mjane hilo hapo."

Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa najiuma midomo nisije nikamrukia.

Bi Tak aliisoma. Akairudia tena.

"Hii imewekwa dole siku gani?"

"Siku ya pili ya msiba. Nilikwenda kumpa pole kaka yangu."

"Kwa hiyo Bwana Eom alikuwa ameshafariki."

"Ndiyo. Ndiyo maana ikasainiwa na mkewe. Mrithi si ndiye anayeshika nafasi yake?"

"Kwenye madai ya mshahara, sawa. Ule sasa ni wao na utawalipa." Bi Tak akamrudishia karatasi. "Kwenye msamaha wa jinai, hapana. Mahakama ilishaliamua hili zamani. Anayeweza kusema hataki uadhibiwe ni aliyetendewa, yeye mwenyewe. Akishakufa, mkewe hawezi kusema kwa niaba yake. Wala mtoto wake."

Pyo akacheka kidogo.

"Sasa... nani anaweza?"

"Hakuna."

"Afisa, acha utani."

"Sitanii. Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka."

Rangi ilimtoka usoni! Akateleza kutoka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya mama.

"Shemeji! Waambie! Waambie umenisamehe!"

Mimi moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Nikamgeukia mama nione anavyofurahi.

Mama alikuwa analia.

"Gwangho," akasema, akamwita jina kama zamani alipokuwa analala kwetu. "Unajua kwa nini kaka yako hakusaini?"

Pyo akatikisa kichwa.

"Alitaka uje mwenyewe. Kila mlango wa wodi ulipofunguka aliinua kichwa. Aliniambia, 'Akija, hata mikono mitupu, nitasaini. Pesa atalipa akipata. Sitaki kijana niliyemlea akafungwe.' Nikamuuliza, sasa kwa nini usisaini tu? Akasema, 'Nikisaini, hatakuja tena.'"

Nilimshangilia baba kwa kukataa, kumbe mwenzangu alikuwa anasubiri mgeni!

Pyo akalala kifudifudi kwenye sakafu ya ile ofisi, akalia. Safari hii hakuwa anaigiza. Bi Tak alitoka nje, akatuachia chumba.

Alifungwa miezi minane. Mgahawa uliuzwa, mshahara wa baba ukaja wote kwenye akaunti ya mama. Mama hajaugusa mpaka leo.

Watu huniuliza kama nafurahi. Sifurahi. Nilitaka afungwe, amefungwa, na baba yangu bado hayupo.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amekufanyia kazi na hujamlipa, mlipe. Sheria ipo na inauma, sikwambii vinginevyo. Na kama kweli huna, usijifiche. Nenda kwake leo, kaa naye, mwombe.

Baba yangu alimsubiri mtu wiki tatu. Kutoka kwenye ule mgahawa mpaka hospitali, kwa gari, ni mwendo wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa.