Mlango wa Kushoto

Gari la Hezekia, wajukuu zangu, lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Alilinunua likiwa kuukuu, kwa mzungu wa shamba la chai aliyefunga mizigo baada ya Uhuru, na tangu siku ile stata yake ilikuwa kama mgonjwa wa kifua: inakohoa, inanyamaza. Mlango wa kushoto nao kitasa cha nje kilishang'oka. Ulifunguka kwa ndani tu.

Enzi za mkewe Yudith hayo hayakuwa tabu. Hezekia alikaa kwenye usukani, Yudith akainama nyuma, akasukuma. Gari likishtuka, akapiga buti makofi mawili. Pa. Pa. Ndiyo ishara yao. Hapo Hezekia huinama akamfungulia mlango wa kushoto, na mwanamke huyo huingia akihema, huku akimwambia, "Wewe dereva, mimi punda." Kila safari neno hilo hilo, na kila safari wakacheka kama jipya.

Yudith akafa. Alikwenda kuni mzima, akarudi akiumwa kichwa, kulipokucha hayupo. Walimzika kwenye mvua. Jirani yao, bibi Tatu, alinong'ona kwamba maiti ile ilikuwa nyepesi mno, kama wamebeba mgomba. Akasema wamtazame Kornelio, yule mvuta ugoro mwenye shamba la viazi bondeni. Shamba linalimwa, linapaliliwa, na mchana hajaonekana kibarua hata mmoja. Watu wake ni misukule, alisema Tatu, wafu waliofichwa. Msukule hasemi, anatumwa tu. Hezekia, Mlutheri wa kubatizwa utotoni, alimwambia aache maneno ya kishenzi.

Kisha likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa, kule chini barabarani. Watu waling'oa milango ya nyumba zao wakaibeba vichwani, wakaenda. Tatu naye akaenda. Hezekia alibaki juu kwa sababu kaburi lilikuwa juu. Hapo ndipo alipoujua ukiwa: kuwa na gari na kukosa mtu wa kulisukuma. Akawa analiegesha mteremkoni, liwake lenyewe kwa kushuka.

Jioni moja alikwenda duka la ushirika kununua chumvi na mafuta ya taa. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya msitu, njia ya Mtae, gari likazima. Tena pa tambarare. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unanuka majani yaliyooza...

Akakaa. Amwite nani?

Ndipo gari likasogea.

Taratibu. Linavyosogea mtu akiliinamia kwa mabega. Hezekia akatazama kioo. Ukungu mtupu. Mguu wake wenyewe ukaachia klachi, kwa mazoea, na injini ikashtuka.

Pa. Pa.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Akasikia nyayo za peku kwenye tope, zinakuja upande wa kushoto. Zikasimama. Hakuna aliyesema kitu. Hakuna aliyehema.

"Yudith?" alinong'ona.



Maneno ya Tatu yakamrudia yote. Mtu akiogopa, wajukuu zangu, hachagui. Alikanyaga mafuta, akakimbia.

Nyumbani alimulika buti kwa kurunzi. Kwenye tope palikuwa na alama za viganja viwili. Cha kulia kilikosa kidole kidogo, kile kilichokatwa na mundu Yudith akikata majani ya ng'ombe, mwaka walipooana.

Basi ni yeye. Alisimama kwenye baridi akingoja kufunguliwa, na mumewe akamwacha. Hezekia alilia kuliko siku ya mazishi.

Jioni ya pili akarudi kwenye kona ile. Akazima gari mwenyewe. Safari hii mlango wa kushoto alishaufungua, akauacha wazi, na kitini ametandika kanga ya Yudith. Akangoja. Ukungu ukaja, ukaufunika msitu, ukaifunika barabara...

Gari likasogea. Injini ikashika.

Pa. Pa.

"Panda, mke wangu," alisema. "Panda twende nyumbani."

Kiti kikadidimia. Mlango ukafungwa polepole, kama afungavyo mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Hezekia hakuthubutu kugeuza shingo. Alitabasamu tu, machozi yanamshuka, akaondoa gari. Akawa analingoja lile neno. Wewe dereva...

Halikuja. Ilikuja harufu.

Ugoro.

Na kule nyuma, kwenye buti, haraka haraka, kama mtu anayelikimbilia gari linalomwacha:

Pa. Pa. Pa. Pa.

Asubuhi Tatu alipanda kumjulia hali. Alimkuta uani ameshika usukani kwa mikono miwili, peke yake, kanga imelala kitini. Alimsimulia Tatu yote kwa kunong'ona, na alipofika mwisho akanyamaza. Hakusema tena. Ukimsalimu anakutazama tu, na alfajiri miguu yake huwa na tope la shamba la viazi.

Gari bado liko chini ya mpeasi. Tatu alimshusha Hezekia kwa mlango wa kulia. Ule wa kushoto hakuna aliyeugusa, na kwa nje haufunguki. Lakini kila asubuhi kioo chake huamka na ukungu wa pumzi.

Kwa ndani.