Aliyeitika Nne

Saa ya mkononi aliyoazimwa na mama yake ilikuwa kubwa mno, ikimzunguka Moja mkononi kama bangili, lakini haikuwa na tabia ya kudanganya. Ilisema saa moja na robo. Basi la shule lilipaswa kufika saa kumi na mbili na nusu, na katika siku zote za mwaka, likachagua kupotea siku ya mtihani.

Msishangae jina hilo. Kwenye basi lile kila mtoto alikuwa na namba, kufuata alivyotangulia kupanda. Dereva, mzee ambaye watoto walimwita Mzee Breki, alikuwa na sheria yake: baada ya kituo cha mwisho haondoi gari mpaka asikie hesabu. Wa kwanza aseme moja, wa pili mbili, hivyo hivyo hadi wa thelathini na moja. Namba ikikosekana gari haliendi, hata mwalimu mkuu awe amekaa kiti cha mbele. Nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao ndizo zilikuwa kituo cha kwanza. Basi binti mkubwa wa pale akawa Moja, mdogo wake wa kiume akawa Mbili, na mtoto wa jirani, wa miaka sita na pengo la meno mawili ya mbele, akawa Tatu. Majina mengine walitumia nyumbani.

Nne naye alikuwepo. Alikuwa rafiki wa Moja, wa chanda na pete, na walikuwa wameapa kukaa madawati ya jirani siku ya mtihani. Mwaka jana, wakati wa mvua, homa ya siku tatu tu ilimwondoa duniani. Tangu hapo Moja alikuwa na tabia ambayo hakumwambia mtu. Hesabu ikianza alisema namba yake, halafu akaziba masikio kwa viganja, akatazama nje ya dirisha mpaka gari liondoke. Hakutaka kusikia kimya baada ya tatu.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kumaliza shule ya msingi, wa siku mbili, na hii ndiyo ya kwanza. Unaanza saa tatu kamili. Kengele ikishagongwa mlango unafungwa, na aliye nje atangoja mwaka mzima. Mama yake, mpishi wa kantini ya kiwandani, alimwambia jana jioni akimfunga saa ile mkononi, "Ukifeli kwa kutojua nitakusamehe. Ukifeli kwa kutofika, hapo mimi na wewe tutatafutana."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na alfajiri ukashuka ukungu mzito hata watu wazima wakaenda kazini wakipapasa. Pale kituoni ulionekana mlingoti wa kituo na kipande cha barabara tu. Nyumba zote zilikuwa zimefungwa, funguo ziko mifukoni mwa wazazi, na wazazi wako kiwandani, upande wa pili kabisa.

"Dada, labda gari limeharibika," alisema Mbili.

"Labda."

"Basi turudi."

"Turudi wapi? Kumefungwa. Na wewe huna mtihani, ndiyo maana unaongea hivyo."

Barabara ililizunguka shamba la misonobari kwa kilomita kumi. Kwa hatua za Tatu, wangefika wenzao wakikusanya karatasi. Lakini katikati ya shamba ilipita njia ya moto, ule uwazi unaokatwa miti ili moto usiruke upande wa pili, nayo ilinyooka mpaka karibu na shule. Baba yake Moja kazi yake ilikuwa kupaka miti alama humo shambani. Aliwahi kumwambia: ukipotea ndani, fuata alama nyeupe, zitakutoa.

Moja akapiga moyo konde. "Shikaneni mikoba. Mimi mbele, Tatu katikati, Mbili nyuma. Nikisema moja kila mtu aseme yake. Asiyesikia wenzake asimame palepale."

Ndani ya shamba hakukuwa na ndege wala upepo. Majani makavu ya misonobari yalikuwa yamelala chini mazito kiasi kwamba hata nyayo zao hawakuzisikia. Miti ilikuwa ya umri mmoja, unene mmoja, mistari kwa mistari, na kila uliotokea ukunguni ulifanana na uliopita, mpaka mtu angedhani ni uleule umewazunguka kwa nyuma na kuja kusimama mbele tena. Mbili aligeuka mara tatu kutazama. Mara ya nne dada yake akamkataza.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha wakakuta mti mkubwa umeanguka na kuziba njia yote. Wakauzunguka, wakiinama chini ya matawi yaliyodondosha maji baridi shingoni, na walipomaliza kuuzunguka, njia haikuwepo.

Alama nyeupe, lakini, ilikuwepo, kwenye shina moja, usawa wa kifua. Mbele yake kulikuwa na nyingine, na nyingine. Moja akashusha pumzi. Wakazifuata, wakihesabu kila baada ya miti kumi, mpaka Tatu akasimama akaokota kitu.

"Kama changu," alisema.

Kilikuwa kifuniko chekundu cha chupa ya maji. Moja akaitazama chupa iliyokuwa inaning'inia kwenye mkoba wa mtoto. Haikuwa na kifuniko, na maji yote yalikuwa yamemwagika. Walikuwa wamekwisha pita hapo.

Akageuka polepole. Kulikuwa na alama nyeupe kulia. Kushoto nako, na nyuma. Alikumbuka sasa kwamba mwezi mzima baba yake alikuwa akirudi na rangi nyeupe kwenye kucha zote kumi. Walikuwa wakipaka miti ya kukatwa, mmoja katika kila mitatu, shamba zima, na kiwandani hakukuwa na rangi nyingine. Nusu saa nzima alikuwa akiwaongoza wenzake kwa miti iliyohukumiwa kifo. Alijiona mjinga kupindukia, na hakuthubutu kuwaambia.

Hapo kengele ya shule ikagongwa, ile ya kuita watu mstarini. Moja aliisikia mbele. Mbili akasema imetoka nyuma. Tatu akaonyesha juu.

Saa mbili na dakika ishirini. Alijua akilia yeye watalia wote. Akafanya kitu pekee alichoweza kufanya.

"Tuhesabu. Moja."

"Mbili."

"Tatu."

"Nne," ikasema sauti.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, ya chini, kama ya mtu aliyeamshwa baada ya kulala sana, na ilitoka mahali fulani kati ya miti, si mbali. Mbili alimshika dada yake sweta kwa nyuma akaikunja ngumini.

Leo ni siku yetu, aliwaza Moja. Tuliapa. Amekuja kufanya mtihani wake. Na mimi mwaka mzima namzibia masikio.

Hakujua ni nini kilichomfanya arudie. Labda ni kwa sababu kutokujua kulimuumiza kuliko kujua. "Moja," alinong'ona.

"Mbili," alisema mdogo wake, tayari kwa machozi.

"Tatu."

Kukawa kimya kirefu. "Nne."

"Dada, tukimbie."

Tatu akawatazama wote wawili kwa mshangao. "Mbona mnaogopa? Si Mzee Breki huyo?"

"Nani?"

"Nne ni ya Mzee Breki. Kila siku anasema yeye, ili hesabu isikatike. Mimi si nakaa nyuma ya kiti chake?"

Tatu alianza shule mwaka huu, akirithi namba ya mwanafunzi aliyemaliza. Hakumjua Nne mwingine yeyote. Mbili alikaa mwisho kabisa wa basi na wakorofi wenzake, juu ya injini, ambako sauti ya dereva haifiki. Na Moja ndiyo hivyo, na viganja vyake. Mwaka mzima alikwepa kusikia kimya ambacho hakikuwahi kuwepo, maana mzee wa watu alikijaza kila asubuhi. Aliona aibu, na papo hapo akaona furaha.

Wakaenda wakihesabu, na kila walipofika tatu waliifuata ile sauti, mpaka ardhi ikakatika ghafla mbele ya miguu ya Moja. Ulikuwa mfereji wa kutolea maji shambani, wenye kina kinachozidi kimo chake. Chini, ameegemea udongo, alikaa Mzee Breki ndani ya maji hadi kiunoni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulielekea upande ambao mguu hauelekei.

"Shikamoo, Mzee," alisema Tatu.

"Marahaba, mjukuu wangu." Meno yalimgongana. "Gari limeteleza bondeni, limelala ubavu. Nikasema nikate humu niwaambie msiteseke na baridi pale kituoni. Niko hapa tangu saa kumi na mbili. Nimeita mpaka sauti imeisha. Halafu nikasikia hesabu, nikadhani niko kwenye usukani."

Moja aliteremka kwa makalio, wenzake wakamfuata. Yeye na Mbili walimshika mzee kwapani wakamvuta hadi penye udongo ulioinuka juu ya maji, naye akauma mkono wa koti lake asipige kelele. Moja akatoa mkobani rula yake ya mti, akachukua na ya Mbili, akaziweka pande mbili za mguu na kuzifunga kwa tai zao za shule.

"Hiyo si rula ya mtihani?" aliuliza mzee.

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Mbili na dakika thelathini na nane."

"Nenda na maji haya, mama. Yanatokea nyuma ya shule. Ukungu usiusikilize, wewe sikiliza maji yanakokwenda. Mimi niacheni, nimeshachelewa tayari."

Alijaribu kucheka, lakini kope zilikuwa zinashuka na maneno yameanza kuburuta. Moja aliona kwamba akiachwa peke yake atalala, na usingizi ule haukuwa wa kuamka. Akavua sweta yake akamfunika nayo. Kisha akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa na miaka tisa na bado aliomba kusindikizwa chooni.

"Mbili, utabaki naye. Akisinzia mpige mashavu. Hesabuni, kwa sauti, watu wawasikie."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka nirudi."

Mbili akaketi, akauchukua mkono wa mzee akaukumbatia kifuani.

Moja alimbeba Tatu mgongoni akaingia majini. Maji yalikuwa ya kahawia, ya magotini, na baridi yake iliuma mifupa. Hakuona zaidi ya hatua nne. Pande zote mbili kuta za udongo, juu ukungu, na nyuma sauti mbili zikimfuata. "Mbili." "Nne." Yeye akajibu moja, Tatu akajibu tatu sikioni mwake. Alianguka, akainuka, akapoteza kiatu kimoja. "Mbili." "Nne." Sauti zikawa nyembamba. Kisha akasikia "Mbili" peke yake.

Akasimama. "Mbili," ilisema tena ile sauti ndogo, kwa mbali, na hakuna aliyejibu.

Kila kiungo kilimwambia arudi. Lakini angerudi kufanya nini, na mikono mitupu? Akauma meno akakimbia, maji yakimrukia usoni, Tatu amemkaba shingo, wala hakuitazama saa tena.

Mfereji ulimtupa nyuma ya vyoo vya shule. Uwanjani, chini ya rimu ya gurudumu la lori iliyotumika kama kengele, mlinzi alikuwa amekwisha inua nyundo. Upande wa kushoto mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa bado wazi, na Moja aliliona dawati lake, tupu, hatua ishirini tu. Hakuliendea. Aliurukia mkono wa mlinzi akaung'ang'ania.

"Mzee Breki ameanguka mferejini, amevunjika mguu. Yuko na mdogo wangu. Pandisha na maji."

Mlinzi alimtazama mara moja tu. Akatoka mbio na nyundo yake mkononi, akiita walimu, akiita dereva wa trekta la shamba, na uwanja mzima ukamfuata.

Msimamizi wa mtihani, mgeni asiyemjua mtu pale, alikuwa amesimama mlangoni na bahasha. Aliitazama saa yake. Aliutazama mguu mmoja wenye kiatu na mwingine wenye matope.

"Mtihani huanza kwa kengele," alisema taratibu, "na mimi kengele sijaisikia. Ingia ukae. Rula yako iko wapi?"

"Iko mguuni mwa mtu."

Moja alichora mistari kwa ukingo wa kitambulisho. Alikuwa kwenye swali la kumi na tisa trekta liliposikika likiingia uwanjani, na juu ya ngurumo yake sauti ya mtoto, imekwaruza hadi kuisha: "Mbili!"

Penseli ikasimama. Darasa zima liliandika isipokuwa yeye.

"Nne," mtu akaitika, kwa shida.

Moja akainama akaendelea kuandika, na machozi yaliyomdondokea kwenye karatasi aliyafuta kwa kiwiko, taratibu, asiharibu jibu.

Kesho yake lilikuja basi la kuazima, na dereva kijana ambaye Tatu alimfundisha sheria kabla hajakaa vizuri. Mzee Breki alikuwa hospitali, mguu ndani ya plasta. Baada ya kituo cha mwisho kijana akasimamisha gari.

"Haya. Hesabuni."

"Moja."

"Mbili," alisema mdogo wake, bado hana sauti.

"Tatu."

Injini ilinguruma. Hakuna aliyesema kitu. Watoto walitazama sakafu, na dereva akatazama kwenye kioo, akingoja. Mikono ya Moja ilikuwa imekwisha anza kupanda masikioni, kwa mazoea. Akaishusha, akaiweka juu ya mkoba.

"Nne," alisema.

"Tano," akasema aliyekaa nyuma yake, na hesabu ikaendelea mpaka mwisho.