Hapakuwa Pori Tupu

Kila jioni, Wakio alipomaliza kuteka maji na kuwafungia mbuzi, aliketi mlangoni mwa jiko na kumsomea nyanya yake, Mable, kazi ya shule. Nyanya hakujua kusoma, lakini alipenda sana kusikiliza. Ilikuwa mwaka wa 1974, na Wakio alikuwa darasa la sita katika shule moja huko Mbololo.

Jioni hiyo ya Ijumaa alisoma kwa majivuno insha yake, "Wakazi wa Kwanza wa Eneo Letu". Mwalimu Kiilu alikuwa ameichagua isomwe siku ya wazazi, juma lililofuata.

"'Kabla ya shamba la mkonge kufunguliwa, bonde letu lilikuwa pori tupu. Hapakuwa na wakazi ila wanyama.'"

Nyanya aliacha kuchambua kunde. "Nani amekwambia hayo?"

"Nimenakili kutoka kijitabu cha shamba, Nyanya. Kimepigwa chapa."

"Basi mimi ni mnyama!" Nyanya aliziweka kunde kando. "Nilizaliwa katika hilo pori tupu."

Asubuhi walishuka hadi ukingoni mwa mkonge. Nyanya alielekeza fimbo yake kwenye mfereji uliojaa mchanga.

"Baba yangu na ndugu zake waliuchimba. Tulilima mtama na viazi vitamu. Nilikuwa na umri kama wako askari walipokuja kutufukuza ili mkonge upandwe. Mtama ulikuwa umeiva, lakini hatukuruhusiwa kuvuna hata suke moja. Walichoma nyumba tukitazama."

Wakio alikikasirikia kijitabu kile, kisha akajikasirikia mwenyewe. Nyumba moja na Nyanya miaka yote, na hakuwahi kumwuliza!

Jumatatu alimwendea Mwalimu Kiilu. "Mwalimu, insha yangu ni ya uongo. Nilinakili."

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakuna kidevu. "Mgeni wetu siku ya wazazi ni meneja wa shamba hilo. Ameahidi kutuletea madawati."

"Lakini Nyanya atakuwa ameketi palepale, akinisikia nikisema hakuwapo!"

Mwalimu alimrudishia insha. "Iandike upya," akasema. "Lakini usitegemee mtu mmoja. Waulize wazee wengine pia."

Wakio aliwauliza wazee watatu. Wote waliutaja mfereji ule na moto ule.

Ijumaa alisimama mbele ya wazazi, akasoma insha mpya. Alipotaja zile nyumba zilizochomwa, mzee mmoja aliinuka. "Na ya baba yangu!" Mwingine akainuka, kisha mwingine.

Meneja alivua kofia. "Kijitabu hicho kiliandikwa kabla sijafika," alisema taratibu. "Nitahakikisha kinasahihishwa."

"Lini?" Nyanya Mable aliuliza kwa ukali.

"Kabla ya mwaka huu kwisha, mama."

Kilisahihishwa kweli, na madawati yakaletwa. Siku nakala mpya ilipofika, Mwalimu Kiilu aliwasomea wanafunzi, kisha akaiweka mezani.

"Askari waliwafukuza watu hawa mara moja," alisema. "Anayeandika bila kuuliza huwafukuza mara ya pili. Wakio alikosea, lakini alikiri, akatafuta ukweli na kuusema hadharani. Nanyi nendeni nyumbani mkaulize, wenye kujua wangali hai."